Uwezo wa Barabara Pale Kwamsanja

Tumsifu Mrutu alikuwa ameshika kalamu tayari kutia saini alipoiona ile sehemu ya mchoro iliyozama.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ofisini kwake Morogoro. Kwa miaka tisa alikuwa na kazi moja: kupima Barabara Kuu ya Kati inaweza kupitisha magari mangapi kwa saa, kuiandika namba hiyo kwenye cheti cha uwezo, na kutia saini. Namba ikishatiwa saini, Kiranja huifuata kama amri. Kiranja ndilo jina watu walilolipa lile dude la kompyuta lililoyaendesha magari yote ya barabara ile tangu usukani ulipoondolewa.

Zamani, madereva walipokuwa binadamu, njia moja ilipitisha magari elfu mbili na ushee kwa saa, haikuzidi sana hapo. Mtu hawezi kumfuata mwenzake kwa karibu mno. Lazima ajiachie muda wa kushtuka na kukanyaga breki. Kiranja hashtuki. Aliyapanga magari yakafuatana kwa sekunde sifuri nukta sita, kwa mwendo wa kilomita mia na arobaini, na abiria ndani wakilala au wakinywa chai. Ukizigawa sekunde za saa nzima kwa sifuri nukta sita unapata elfu sita. Cheti cha mwaka uliopita kilisema elfu tano mia nane na hamsini. Cheti kipya, ambacho wakubwa walikuwa wanakisubiri kwa hamu, kilitakiwa kusema elfu saba na mia mbili, magari yakifuatana kwa nusu sekunde bila pengo lolote.

Mchoro wa mtiririko wa magari kwenye kituo cha tisini na nne ulikwenda sawasawa kama kamba iliyovutwa, isipokuwa tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Hapo mtiririko wa njia moja ulishuka kwa sekunde sita kisha ukarudi. Magari kumi yalikosekana. Kando yake Kiranja alikuwa ameandika: usumbufu mdogo, ondoa kwenye hesabu.

Tumsifu alijua jinsi Kiranja anavyoandika. Tairi likipasuka, anaandika tairi. Ng'ombe akikatiza, anaandika mnyama. Huu usumbufu haukuwa na jina. Aliomba picha ya kituo kile kwa dakika ile, akajibiwa kwamba picha imefungwa kwa amri ya makao makuu. Katika miaka tisa hakuwahi kuona picha ya tairi ikifungwa. Akafunika kalamu, akaahirisha saini, na kesho yake akaenda mwenyewe.

*

Kituo cha tisini na nne kilikuwa mahali panapoitwa Kwamsanja. Nyumba za watu zilikuwa upande wa kaskazini wa barabara; zahanati, pampu ya maji na mashamba ya ufuta yalikuwa upande wa kusini. Katikati zilipita njia sita za magari yasiyosimama. Palipokuwa na kivuko palilazwa bamba la chuma pembeni mwa lami, kila upande. Mtu akisimama juu ya bamba, Kiranja anajua kuna anayetaka kuvuka. Anaanza kuyapunguza mwendo magari yaliyo mbali, kidogo kidogo, mpaka panafunguka pengo katikati ya msafara. Pengo hilo linatembea na msafara, linakutana kivukoni na pengo la msafara wa upande wa pili, na hapo watu wanapata sekunde ishirini za lami tupu. Taa ya kijani inawaka, wanavuka, msafara unafungana tena.

Tumsifu alisimama kwenye foleni ya watu kama thelathini na kutazama saa yake. Pengo lilikuja baada ya dakika ishirini na moja.

Hakuhitaji kumwuliza mtu sababu. Miaka miwili nyuma watu wa Kwamsanja walikuwa wakisubiri dakika nne. Yeye ndiye aliyetia saini cheti kilichoipandisha namba, na Kiranja aliyapata magari yale ya ziada kwa kupunguza mapengo. Kwenye karatasi jambo hilo liliandikwa kwamba vipindi vya uvukaji vimeboreshwa. Alikumbuka kwamba maneno hayo aliyasoma, tena aliyaona yamekaa vizuri.

Kwenye foleni alikutana na mama mmoja mtu mzima, mrefu, aliyekuwa amekalia ndoo aliyoifudikiza. Tumsifu alimpa shikamoo, akajitambulisha kuwa ni mhandisi wa barabara, akauliza kama kuna jambo lilitokea hapo tarehe tisa ya mwezi wa tatu. Yule mama akasema anaitwa Mwanjaa, na kwamba siku hiyo ndiyo aliyofiwa na mumewe.

Alisimulia bila kupaza sauti. Mumewe, Shomvi, ndiye aliyekuwa fundi wa pampu ya kijiji. Asubuhi hiyo pampu ilizimika, na zahanati ilikuwa na wajawazito wawili na haina maji. Shomvi alisimama juu ya bamba na mkoba wake wa spana. Alisubiri dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Zilipofika ishirini na tatu aliteremka mita thelathini hivi, mahali magari yalipoonekana yameachana kidogo, akaingia barabarani.

"Halikufunga breki gari hata moja," Mwanjaa alisema.

Tumsifu alijua kwa nini. Magari yanapofuatana kwa sekunde sifuri nukta sita, la mbele likisimama ghafla, ya nyuma yanagongana. Kiranja aliruhusiwa kupima wangapi watakufa upande huu na wangapi upande ule, na mtu mmoja aliyetoka nje ya bamba hakuwahi kushinda hesabu hiyo. Ruhusa hiyo nayo ilitoka kwenye kiambatisho cha cheti. Zile sekunde sita zilikuja baadaye, gari lililogonga lilipotolewa kando.

"Hebu nieleze tena wewe unafanya nini, mwanangu," Mwanjaa alisema.

"Mimi ndiye ninayeandika namba ya magari. Ikipanda, nyinyi mnasubiri zaidi."

Mama yule aliinuka kwenye ndoo. Hakumtukana. Aliuliza tu kama Shomvi yumo ndani ya namba hiyo. Tumsifu akamjibu kweli, kwamba hayumo. Zile sekunde sita zimetolewa ili zisiharibu hesabu.

"Basi mrudishe," Mwanjaa akasema.

*

Mkurugenzi wa uendeshaji, Haidari Mng'ong'o, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomsumbua Tumsifu. Alimpokea vizuri, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba yeye ndiye aliyefunga ile picha. Alisema aliitazama mara moja, ikamkosesha usingizi siku tatu, na hakuona faida ya watu wengine kuitazama.

Kisha akachukua karatasi, akamwandikia hesabu. Watu elfu themanini hutumia barabara ile kila siku. Kila mmoja hupoteza nusu saa kwenye foleni ya kuingilia, kwa sababu barabara imejaa. Ukijumlisha, ni saa elfu arobaini kwa siku, ambazo ni zaidi ya miaka minne na nusu.

"Kila siku inayopita, Mhandisi, foleni ile inakula miaka minne na nusu ya uhai wa watu," alisema. "Ukinipa elfu saba na mia mbili, foleni inakwisha. Kivuko cha Kwamsanja kinafungwa, ndiyo. Watu elfu moja na mia moja watatembea saa tatu kwenda na kurudi kwenye daraja la juu. Hizo ni saa elfu tatu na mia tatu. Weka kwenye mizani mwenyewe."

Tumsifu aliipitia hesabu ile mara mbili, akitafuta kosa. Hapakuwa na kosa. Isitoshe, miongoni mwa watu elfu themanini alikuwamo Nakunda, dada yake, muuguzi aliyekaa Chalinze na kufanya kazi hospitali moja ya Morogoro. Nakunda alikuwa anadamka saa kumi alfajiri ili awahi zamu, na siku za karibuni alikuwa amekonda.

Haidari alimkumbusha kwamba kipimo rasmi ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kwamba kwa ajili ya kipimo bamba la Kwamsanja litazimwa kwa saa moja, ili barabara ionyeshe uwezo wake wote. Tumsifu aliaga bila kusema ndiyo wala hapana.

Njiani alifikiria njia nyepesi, nayo ilikuwa kudanganya. Angeweza kuandika elfu tano na kusingizia lami. Hakuna ambaye angegundua kwa mwezi mmoja au miwili. Lakini wangegundua siku moja, namba ingefutwa, na watu wa Kwamsanja wangefungiwa kivuko kwa haki kabisa, kwa kuwa aliyewatetea alikuwa mwongo. Alikitaka kitu ambacho Haidari asingeweza kukifuta. Akatoa kitabu cha kanuni za kazi yake, kile alichokikariri chuoni akiwa na miaka ishirini na mbili, akausoma ukurasa wa kwanza kama mtu anayeusoma mara ya kwanza. Uwezo wa barabara, kitabu kilisema, ni wingi wa magari unaoweza kutarajiwa kupita mahali fulani, kwa muda fulani, chini ya hali iliyopo mahali hapo.

Hali iliyopo. Kwa miaka tisa alikuwa akipima barabara isiyokuwepo, ambayo hakuna mtu anayeishi kando yake.

Alirudi Kwamsanja na kukaa siku tatu, akilala nyumbani kwa Mwanjaa. Alipima jambo ambalo Kiranja hakuwahi kutakiwa kulipima, yaani subira ya watu. Alisimama karibu na bamba na saa mkononi tangu asubuhi mpaka jioni, akiandika kila mmoja amesubiri muda gani kabla hajaanza kuangalia pembeni na kuteremka kutafuta upenyo. Aliwazuia walioteremka, lakini aliwaandika. Chini ya dakika mbili hakuteremka mtu. Dakika sita zikipita, mmoja kati ya kumi aliondoka juu ya bamba. Zikifika ishirini, waliondoka wanne kati ya kumi, na wengi wao walikuwa wenye wagonjwa zahanati.

Dakika mbili, basi. Barabara inayompitisha mtu kila baada ya dakika mbili ndiyo barabara ambayo watu hawafi kwa kuchoka kusubiri. Hiyo ndiyo aliyoamua kuipima.

*

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi alikuwa kivukoni, amevaa fulana ya kazi na beji yake kifuani. Sheria ilimpa mhandisi wa cheti mamlaka ya kuchagua kituo na saa ya kipimo, naye alichagua kituo cha tisini na nne, saa mbili hadi saa tatu. Aliweka kikomo cha kusubiri kuwa dakika mbili, na kinyume cha agizo la Haidari akaliacha bamba likiwaka. Wanakijiji walikuja na safari zao za kila siku, waliokwenda shamba, zahanati na kwenye pampu. Aliwaambia mapema kwamba hataki maandamano. Alitaka wavuke kama wanavyovuka siku zote, wala wasikimbie.

Kipimo kilianza vizuri. Kila baada ya dakika mbili pengo lilikuja kutoka pande zote mbili, taa ikawaka, watu wakavuka. Kwenye kishikwambi chake namba ya magari ilianza kushuka.

Pengo la saba lilipopita, taa ya bamba ikazimika.

Haidari alipiga simu. Alisema foleni ya kuingilia barabarani pale Chalinze imeshafika kilomita tatu, ametoa amri bamba lizimwe, na amemtaka Tumsifu aendelee kupima hivyo hivyo. Tumsifu akamwambia kwamba bamba likizimwa kipimo kinakuwa cha barabara nyingine. Haidari akasema, kwa upole uleule, kwamba yeye ndiye anayeshika swichi.

Tumsifu alikata simu. Watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama nyuma yake, na magari yalikuwa yanapita kwa mvumo mmoja usiokatika, uliotetemesha hata meno.

Makao makuu yaliweza kuzima bamba, lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho hayakuweza kukizima. Kanuni ya kwanza kabisa aliyofundishwa Kiranja, kabla ya hesabu zote, ilikuwa kumpisha mfanyakazi wa barabara aliye kazini. Mwenye beji akisimama ukingoni, msafara lazima ufunguke. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mafundi wa lami na haikuwa na kikomo cha mara ngapi.

Lakini haikuwasha taa. Mfanyakazi alipaswa kuwa na mwenzake kituoni wa kumwambia pengo limefika, na Tumsifu hakuwa na mwenzake wa namna hiyo.

Alisogea mpaka vidole vya viatu vikagusa mstari mweupe. Upepo wa magari ulimvuta fulana. Akawaza kwamba kama Haidari amepata njia ya kuifuta beji yake, hatajua mpaka aguse lami. Alikaza macho mashariki, kisha magharibi. Sekunde zilikwenda, sitini, sabini. Kisha, mbali sana, pande zote mbili, aliona weusi wa lami ukitokeza kati ya magari, ukakua, ukasogea. Gari la mwisho mbele ya pengo lilipita na upepo wake ukamsukuma nusu hatua nyuma.

Aliingia barabarani.

Alitembea hatua za kawaida, maana aliwaambia watu wasikimbie. Katikati ya barabara aligeuka akawaona wanakuja nyuma yake, Mwanjaa mbele na ndoo yake kichwani. Walifika upande wa pili, msafara ukafungana, na hakuna aliyepiga kelele ya kushangilia. Mzee mmoja alikaa chini tu, akashika kifua, akacheka kidogo.

Tumsifu akageuka tena akasimama ukingoni, kwa ajili ya wale wanaorudi.

Alivuka hivyo mara ishirini na tatu, kwenda na kurudi, kila baada ya dakika mbili, mpaka saa tatu kamili. Simu iliita muda wote na hakuipokea. Mara ya kumi hivi woga ulimtoka na hasira ikaja mahali pake, hasira kavu, aliyojielekezea mwenyewe, kwa karatasi zote nzuri alizowahi kuzitia saini akiwa amekaa kitini.

Saa tatu alikaa juu ya bamba lililozimwa akafunga hesabu. Mapengo thelathini kwa saa, kila moja likichukua sekunde ishirini za kuvuka na tano za msafara kujipanga upya, yalikula sekunde mia saba na hamsini. Zilizobaki zilipitisha magari elfu nne mia saba na hamsini kwa kila njia. Aliiandika namba hiyo. Chini yake, kwenye orodha ya matukio ya mwaka, aliandika kwamba tarehe tisa ya mwezi wa tatu Shomvi wa Kwamsanja, fundi wa pampu, aligongwa akafa baada ya kusubiri dakika ishirini na tatu. Alitia saini na kukituma cheti kwa msajili wa vyeti papo hapo.

*

Alifukuzwa kazi siku iliyofuata. Haidari mwenyewe alimletea barua, akachukua beji na kishikwambi, akamwuliza kama anajua amefanya nini. Alimwambia kwamba foleni ya Chalinze sasa itafika dakika hamsini, na kwamba watu elfu themanini hawajamkosea kitu.

"Najua," Tumsifu alisema. "Nao wana haki ya kukasirika. Waambie wajenge barabara nyingine, au madaraja, au wapunguze magari. Lakini hesabu yako ilimweka Shomvi kwenye mizani bila kumwuliza, halafu mimi nikamfuta. Mimi sifuti tena."

Cheti chenyewe Haidari hakuweza kukigusa. Sheria ilisema kinasimama mwaka mzima, ila kama mhandisi mwingine mwenye leseni atarudia kipimo mahali palepale, chini ya hali ileile, akapata namba tofauti.

Dakika hamsini zilikuwa za kweli. Jirani yake Morogoro aliacha kumsalimia. Nakunda alipiga simu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akasema amechelewa zamu mara mbili wiki hiyo, na mgonjwa wake mmoja alimwulizia mpaka akasinzia. Tumsifu hakujitetea. Alimsimulia habari ya pampu na wale wajawazito wawili waliokosa maji. Nakunda akauliza walijifungua salama au vipi. Tumsifu akamwambia mmoja alijifungua salama. Hawakusema mengi baada ya hapo, ila Nakunda hakukata simu.

Miezi mitatu baada ya kipimo, makao makuu yalimleta mhandisi mwingine. Aliitwa Desderi Kalinga, mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sifa ya kutokosea hata tarakimu moja. Tumsifu alipata habari kwa Mwanjaa, akapanda gari asubuhi hiyo, akakaa kwenye foleni ya kuingilia barabarani dakika zote hamsini kama mtu mwingine yeyote, akafika Kwamsanja kipimo kikiwa hakijaanza. Watu walikuwa wamesimama kivukoni na ndoo, majembe na watoto mgongoni. Akajiunga nao, mwishoni mwa foleni.

Desderi alikuwa amekuja na amri ya kulizima bamba. Alipita akiwahesabu waliosimama, maana fomu ya kipimo ina safu yao, na alipofika mwisho alimtambua. Alimwambia kwa heshima kwamba asingependa kumwingiza matatani, na kwamba kwa kuwa si mfanyakazi tena wala si mwenyeji wa hapo, ingekuwa vema asogee kando hadi kipimo kiishe.

"Bamba utaliacha liwake?" Tumsifu aliuliza.

Desderi alitazama barabara, akatazama foleni ya watu, akatazama tena fomu iliyokuwa mkononi. Alisema fomu inataka hali iliyopo. Alilisema polepole, kama mtu anayejisomea.

"Basi siendi popote," Tumsifu akasema. "Mimi ndiyo hali iliyopo."

Nyuma ya Desderi magari yalikuwa yanapita, na mbele ya foleni Mwanjaa alikuwa ameshakanyaga bamba. Mwishowe alifungua kalamu yake, akauliza amwandike Tumsifu kama nani.

"Mtembea kwa miguu," alisema. "Andika mmoja zaidi."

Akaandika, na bamba akaliacha liwake.